Baba, nguo za kazi unavulia wapi?

Bwana wa Luano, mavumbi ya mgodi usiyapeleke nyumbani. Waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kilema hapa mjini na wengine 108 wazima. Mwaka 2020 walitangaza kwamba hatari ilizidi, yapata mara 5, kwa mtoto ambaye baba yake ni mtu wa migodi. Hesabu ni ya watu wachache, haijakaza. Tena ajabu: damu na mkojo wa mama havikuonyesha tofauti kubwa. Basi akina baba nao wapimwe! Mganga akikuomba mkojo, usimkimbie. Na nguo za kazi, bibi asizikung'ute ndani. Aziloweke maji, mbali na nepi.