Kutambua Malipo Yaliyojirudia katika Taarifa ya Akaunti

Mteja anayehisi kwamba amekatwa fedha mara mbili tunamshauri aanze na taarifa ya akaunti yake, aifungue katika lahajedwali, na ahifadhi kando nakala isiyoguswa. Amri ya kuondoa mistari inayofanana huifuta, na mstari uliofutwa ndio huwa ushahidi.

Chukulia kwamba safu A ina tarehe bila saa, B jina la aliyelipwa, na C kiasi. Katika seli tupu ya mstari wa pili andika =COUNTIFS(A:A,A2,B:B,B2,C:C,C2), kisha iburute hadi chini. Panapotokea 2 au zaidi, mstari huo una mwenzake. Nafasi iliyobaki baada ya jina, ingawa haionekani kwa macho, hutosha kuyatenganisha malipo mawili yanayofanana.

Hapa ndipo wengi hukosea. Namba ya muamala ikiwa ni ileile katika mistari yote miwili, mara nyingi mteja mwenyewe ameunganisha taarifa za vipindi vinavyoingiliana. Makato mawili ya kweli kwa kawaida huwa na namba tofauti, na salio hushuka mara mbili. Salio ndilo mwamuzi. Aidha, nauli ya kwenda na ya kurudi si kosa la mtu.

Muamala usioelezeka uwasilishe kwanza kwa mtoa huduma kwa maandishi, ukiambatisha mistari yote miwili, na udai namba ya lalamiko. Utakapokuja kwetu, tutaiulizia.