Maradhi ya Picha: Namna ya Kutambua Kasoro za Projekta ya Filamu

Aliyewahi kupita Voi huwakumbuka ndovu wa Tsavo kwa wekundu wao. Wekundu huo si wa kuzaliwa nao. Ni vumbi la ardhi wanalojimwagia. Vumbi hilo hilo ni adui mkubwa wa projekta ya filamu. Enzi za gari la sinema, pazia lilipofungwa uwanjani na jenereta kuwashwa, vumbi liliweza kuingia mtamboni kabla hata watazamaji hawajaketi. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi ya kutafuta kiini cha picha mbovu. Jambo hili lina uzito, kwani anayekosea utambuzi huweza kuuharibu mkanda usio na nakala nyingine.

Kwanza, tuelewe utendakazi wa mtambo wenyewe. Katika filamu ya sauti, picha 24 hupita mbele ya taa kila sekunde. Kila picha huvutwa na kikucha kinachoingia katika matundu ya pembeni mwa mkanda, husimama kidogo langoni, kisha huondolewa. Wakati wa kuvutwa, kifunga mwanga huizuia taa ili jicho lisione mwendo huo. Mkanda huachwa na kitanzi kilicholegea juu na chini ya lango ili usikatike kwa mivuto hiyo.

Kutokana na maelezo haya, kasoro nyingi hujieleza zenyewe. Picha ikiwa na ukungu kote, chunguza lenzi: huenda haikulengwa sawasawa au imeshika vumbi. Ukungu ukiwa upande mmoja tu, tazama kama mtambo umeelekea pazia moja kwa moja, na kama upepo haulivimbishi pazia lililofungwa juu pekee. Picha ikirukaruka, yamkini kitanzi kimepotea au matundu yameraruka. Zima mtambo na ukiunde upya kitanzi. Herufi nyeupe zikiota mikia kwenda juu au chini, kifunga mwanga hakiendi sambamba na kikucha, nayo hiyo ni kazi ya fundi. Picha ikiwa na giza na umanjano, pima umeme kwanza. Taa ya waya inayopungukiwa na asilimia 10 ya volteji hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake, na waya mrefu kutoka kwa jenereta hutosha kuleta upungufu huo.

Swali gumu ni hili: je, ugonjwa umo mtamboni au mkandani? Kuna vipimo viwili. Doa au unyoya unaobaki mahali pamoja pazianiumo langoni. Ule unaotokea na kutoweka papo hapo umo mkandani. Aidha, weka mkanda mwingine usio na thamani. Kasoro ikiendelea, mtambo ndio mgonjwa. Mstari wa wima usiokoma ni wa kuogopwa zaidi, kwani huenda chembe ya mchanga langoni inaendelea kuukwaruza mkanda wakati watu wanatazama. Mficha maradhi kifo humuumbua. Anayesema "tumalize kwanza" humaliza na filamu yenyewe. Lango lisafishwe kwa brashi laini kabla ya kila mkanda, wala lisiguswe kwa chuma.

Lipo pia somo kutoka kwa filamu iliyohusu eneo hili. Mwaka 1952 Arch Oboler wa Marekani alitoa *Bwana Devil*, iliyotokana na kisa cha simba walioua wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898. Ilionyeshwa kwa projekta mbili kwa pamoja, moja kwa kila jicho, na watazamaji walivaa miwani maalumu. Katika mfumo huo, picha moja ikikatika katika mkanda mmoja, sharti mkanda wa pili nao urekebishwe kwa kiasi kile kile. La sivyo macho mawili huona nyakati mbili tofauti na kichwa huuma. Mtazamaji anayelalamika, basi, asidharauliwe: macho yake ni kipimo.

Hatimaye, kuna wekundu usiotokana na vumbi la Voi. Filamu nyingi za rangi za zamani hupoteza rangi zake nyingine na kubaki na wekundu. Kuzifuta hakusaidii, kwa kuwa rangi yenyewe imekufa. Vilevile, mkanda wa asetati unaonuka siki umeanza kuoza. Utengwe na mingine na uhifadhiwe penye ubaridi na ukavu.

Hasara hii si ya kubuni. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 kwa ajili ya watazamaji wa Afrika Mashariki na Kati. Ni tatu tu zinazojulikana kuwa zimesalia. Kwa hiyo, msomaji atakayekuta mkopo wa filamu katika kabati la shule au ofisi asikimbilie kuuonyesha. Aunuse, ayakague matundu yake, na aujaribu mtambo kwa mkanda mwingine kwanza.