Peremende Zipungue Kwenye Zawadi za Krismasi za Watoto

Shule zimefungwa, na maduka ya Eldoret yamepanga mifuko ya zawadi za watoto karibu na mlango, pale ambapo mtoto hawezi kupita bila kuiona. Ukifungua mmoja utapata peremende ngumu, lolipopu, chuingamu, biskuti za krimu na pengine juisi ya pakiti. Hatusemi mtoto anyimwe kitu kitamu siku ya Krismasi. Tunachoomba wazazi na walezi wa Uasin Gishu ni mambo mawili: peremende ziwe chache, na zile zilizopo ziliwe kwa wakati mmoja badala ya kumumunywa siku nzima. Hilo la pili ndilo ambalo wengi hawajaelezwa, kwa hivyo tutaanza nalo.

Mdomoni mwa kila mtu mna bakteria wanaoishi kwenye utando unaonata juu ya meno. Sukari ikiwafikia, wanaitumia na kutoa asidi, na asidi hiyo hulainisha ganda gumu la nje la jino. Hali hiyo huendelea kwa kama dakika 20 hadi 30 hivi baada ya kula, kisha mate huipunguza asidi na kulirudishia jino madini yaliyotoka. Sasa chukua watoto wawili waliopewa peremende sita kila mmoja. Wa kwanza anazila zote baada ya chakula cha mchana. Meno yake yanashambuliwa mara moja, kisha yanapumzika. Wa pili anazitia mfukoni na kumumunya moja kila baada ya saa moja na nusu, asubuhi hadi jioni. Idadi ni ileile, lakini meno yake yameshambuliwa mara sita. Mtoto wa namna hiyo akilala bila kupiga mswaki ndiye anayeamka usiku wa manane akilia jino.

Wengi wetu tuliokulia huku tunaikumbuka Krismasi ya nguo mpya, chapati na chupa moja ya soda ambayo mara nyingine mligawana na ndugu zako. Utamu ulikuja siku hiyo ukaisha. Siku hizi mtoto hupata switi kwenye kioski karibu kila siku akitoka shuleni, na chai ya maziwa asubuhi ina sukari yake. Mfuko wa zawadi unaongezwa juu ya hayo yote.

Tuhesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anapata kutoka kwa chakula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miaka sita hivi, asilimia 10 ni kama vijiko tisa vya chai. Soda ya mililita 300 inaweza kuwa na vijiko vinane peke yake. Peremende ngumu moja ni karibu kijiko kizima, maana karibu yote ni sukari. Kwa hivyo soda moja na peremende mbili zinatosha kuvuka kiwango cha siku, kabla hujahesabu chai wala keki.

Kuna wanaosema, “Hayo ni meno ya utotoni, yatang'oka tu.” Yatang'oka, lakini karibu na umri wa miaka sita gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kwanza. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni. Gego hilo ni la maisha, nalo huota katika umri uleule ambao mtoto hupenda switi kuliko kitu chochote.

Kwa watoto wadogo kuna hatari nyingine, nayo haingoji miezi. Peremende ngumu na karanga nzima zinaweza kuziba koo la mtoto wa chini ya miaka mitano, hasa akila huku anakimbia au anacheka. Vipande vya puto lililopasuka ni hatari vilevile. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe kabisa vitu vya sukari, hata kama mgeni amekuja navyo kutoka Nairobi kwa upendo wote.

Basi mfuko ujazwe nini? Msimu huu matunda yapo sokoni: maembe, ndizi, machungwa, na matunda ya pasheni yanayolimwa papa hapa kwetu. Mtoto mkubwa anaweza kupewa njugu karanga za kukaanga. Zaidi ya chakula, weka kamba ya kuruka, mpira, kalamu za rangi, kitabu cha hadithi, soksi. Mswaki mpya wenye rangi anayoipenda mtoto hupokelewa vizuri kuliko mnavyodhani, mradi usiwe ndio zawadi peke yake. Peremende mbili au tatu zikiwa katikati ya vitu hivyo, hakuna atakayelalamika.

Kazi ngumu ni jamaa. Shosho, shangazi na wajomba wote huja na pakiti zao, na chama au kanisa nalo linaandaa sherehe yake. Usigombane na nyanya mbele ya watoto. Zungumza naye mapema, umwombe alete matunda au daftari. Zikija pakiti hata hivyo, zimimine zote kwenye mkebe mmoja unaokaa kwako, na watoto wapate chache baada ya mlo, kisha wanywe maji. Usiku wapige mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa wa chini ya miaka mitatu, na kiasi cha punje moja ya minji kwa wa miaka mitatu hadi sita. Baada ya hapo ni maji pekee hadi asubuhi.

Mtoto akilalamika jino, usimwekee aspirini juu ya ufizi. Inaunguza nyama ya mdomo na haitibu jino. Mpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu mapema. Shavu likivimba au akipata homa, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama ni tarehe 25.