Ushanga wa Sita

Katika vikao vya suluhu, ambavyo ni vingi kuliko tungependa, tumesikia zaidi ya mara moja mke akilaumiwa kwa sikoseli ya mwanawe: ati ameileta kutoka kwao. Tumeonelea tueleze maradhi haya yamejengeka vipi, kwani chanzo chake ni badiliko dogo mno katika umbile la protini moja.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, mfano wa shanga zilizotungwa uzini. Aina za shanga hizo ni 20; kinachotofautisha protini ya nywele na ya damu ni idadi na mpangilio wake. Baina ya ushanga na ushanga mna kifungo imara kiitwacho peptaidi. Kisha mnyororo hujikunja, na mkunjo huo hushikiliwa zaidi na vifungo dhaifu, vikiwemo vya haidrojeni, ambavyo nguvu yake ni wingi wake. Mama achemshaye yai huyashuhudia haya: joto hulegeza vifungo dhaifu, minyororo hukunjuka na kushikamana ovyo, ute ukawa mweupe na mgumu. Peptaidi hazikatiki chunguni, zangoja tumbo.

Tena, zipo shanga zipendazo maji na zipo ziyakimbiazo. Ziyakimbiazo aghalabu hujificha ndani ya mkunjo.

Hemoglobini, ibebayo oksijeni katika damu, ina minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja shanga 141, na miwili ya beta, kila mmoja shanga 146. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa hemoglobini ya wagonjwa wa sikoseli ina tofauti. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, Uingereza, aliitambua tofauti yenyewe: ushanga wa sita wa beta. Mahali pa asidi glutamiki, ipendayo maji, pamekaa valini, iyakimbiayo. Nayo iko nje, haina pa kujificha. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujipachika katika kijishimo cha hemoglobini jirani, na jirani kwa jirani, mpaka zikawa nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo mtoto hulia mifupa usiku. Mwili ukipungukiwa na maji hemoglobini husongamana zaidi. Ndiyo sababu daktari husisitiza mtoto anyweshwe maji kwa wingi.

Sasa turejee kwenye lawama. Mtoto huugua sikoseli ya aina hii akirithi ushanga huo kwa mama na kwa baba pia. Aliyerithi kwa mzazi mmoja ni mbebaji. Kwa kawaida haumwi, na hata hukingika kiasi na malaria kali, jambo lililoufanya urithi huu uenee katika nchi za malaria, pwani yetu ikiwemo. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Si zamu: watatu wazima hawamaanishi wa nne ataugua.

Kipimo cha wingi wa damu hakimfichui mbebaji. Wanaoposana waombe kipimo cha aina ya hemoglobini, wote wawili, kabla posa haijajibiwa. AA hana ushanga huo, AS ni mbebaji, SS ni mgonjwa.