Goti la Westbrook na korosho za Nambambo

NYOTA wa timu akiumia, hasara haianzi siku anayotolewa uwanjani. Mara nyingi huwa imekwishaanza zamani, siku viongozi walipokaa mezani kuamua nani asajiliwe, nani auzwe na nani aachwe benchi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Oklahoma City Thunder, timu ya ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani (NBA), mwaka 2013. Kisa chake kinafaa kusikika hata katika kata ya Nambambo mjini Nachingwea, ambako mazungumzo ya jioni ni ya Namungo, Simba na Yanga kuliko ya mpira wa kikapu, lakini ambako kila kaya ina nyota wake.

Thunder si timu ngeni kabisa kwa Watanzania. Msimu huo wa 2012/13 benchi lake lilikuwa na kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Thabeet alichaguliwa wa pili katika usajili wa mwaka 2009 na timu ya Memphis Grizzlies, akapita timu nyingine kabla ya kufika Oklahoma. Memphis hiyo hiyo itatajwa tena baadaye katika habari hii.

Timu ilikuwa na nyota wawili wakubwa, Kevin Durant na Russell Westbrook. Durant alikuwa mfungaji. Westbrook ndiye aliyekuwa akipandisha mpira, akigawa pasi na kuwachosha walinzi wa upande wa pili. Tangu aingie NBA mwaka 2008 hakuwa amekosa mechi hata moja. Katika mechi 82 za msimu, Thunder walishinda 60 na kumaliza kileleni mwa kanda ya Magharibi. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamecheza fainali na kufungwa na Miami Heat. Kila mtu alijua kuwa safari hii wanarudi.

Aprili 24, 2013, katika mechi ya pili ya mtoano dhidi ya Houston Rockets, Westbrook alikuwa akielekea kando kuomba mapumziko, mlinzi wa Houston akajaribu kumpokonya mpira, wakagongana magoti. Westbrook akaipiga meza ya waamuzi kwa hasira, akaendelea kucheza. Alimaliza mechi akiwa na pointi 29 na timu ikashinda. Siku mbili baadaye ikatangazwa kuwa gegedu la goti la kulia limechanika. Alifanyiwa upasuaji Aprili 27 na msimu wake ukaishia hapo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo penye somo la biashara.

Msimu ule Westbrook alikuwa akifunga wastani wa pointi 23 kwa mechi na kutoa pasi za vikapu zaidi ya saba. Kila kikapu kina thamani ya pointi mbili au tatu, kwa hiyo mkono wake ulikuwa ndani ya pointi zipatazo 38 za kila mechi. Timu nzima ilikuwa ikifunga wastani wa pointi 105. Mtu anayefanya hesabu za haraka atasema timu imepoteza zaidi ya theluthi moja ya mapato yake.

Haikuwa hivyo. Thunder waliitoa Houston kwa mechi nne kwa mbili, kisha wakakutana na Memphis. Katika mechi tano na Memphis walifunga wastani wa pointi 89.6. Wameshuka, lakini kwa pointi kama 16 tu, tena Memphis ndiyo iliyokuwa ikifungwa pointi chache kuliko timu yoyote ya NBA mwaka ule, hivyo sehemu ya upungufu huo ingetokea hata Westbrook angekuwepo. Pengo lilizibwa na wengine. Reggie Jackson, kijana wa msimu wa pili ambaye kwa kawaida alikuwa akifunga pointi tano, katika mtoano alifunga karibu 14. Durant alicheza wastani wa dakika 44 kati ya 48 na kufunga zaidi ya pointi 30.

Pamoja na juhudi zote hizo, Thunder walishinda mechi ya kwanza kwa pointi mbili, 93 kwa 91, kisha wakapoteza nne mfululizo. Tofauti zilikuwa pointi sita, sita, sita na nne. Hakuna mechi waliyozidiwa sana. Walichopoteza ni kile kidogo cha juu, kile kinachotenganisha anayeendelea na anayerudi nyumbani. Mfanyabiashara yeyote wa duka analijua jambo hili. Mauzo yakipungua kwa sehemu moja ya kumi, faida haipungui kwa sehemu moja ya kumi. Inaweza kuisha yote, kwa sababu kodi ya fremu na mshahara wa kijana wa dukani viko pale pale.

Jambo la pili ni mzigo kwa waliobaki. Katika mechi ya tano, Mei 15, 2013, Durant alirusha mara 21 na kuingiza tano tu. Huyu alikuwa miongoni mwa warushaji bora kuliko wote duniani. Walinzi wa Memphis hawakuwa na mtu mwingine wa kumhofia, wakamkaba wawili, na miguu ilikuwa imechoka kwa dakika nyingi za wiki zilizotangulia. Jeraha la mmoja liliharibu kazi ya wa pili ambaye mwili wake ulikuwa mzima.

Vipi bima? Mishahara ya nyota wa NBA hulipwa hata wakiumia. Mkataba wa Westbrook, uliosainiwa Januari 2012, ulikuwa wa miaka mitano na wa takriban dola milioni 80. Ligi ina utaratibu wa bima kwa mishahara mikubwa, ambayo huanza kulipa sehemu ya mshahara baada ya mchezaji kukosa mechi 41 mfululizo. Kwa jeraha la Aprili, bima ya namna hiyo haina msaada. Tena, hata ikilipa, hulipa mshahara. Hailipi viingilio vya mechi za nyumbani ambazo hazikuchezwa kwa kuwa timu imetolewa. Thunder wangefika fainali ya kanda wangekuwa na angalau mechi mbili zaidi katika uwanja wao, zenye tiketi za bei ya juu kuliko za msimu wa kawaida.

Lakini kiini cha yote kiko miezi sita nyuma ya jeraha. Oktoba 27, 2012, siku chache kabla ya msimu kuanza, Thunder walimuuza mchezaji wao wa tatu, James Harden, tena kwa Houston hao hao. Harden alikuwa akitokea benchi, na msimu uliotangulia alishinda tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Aliweza kupandisha mpira na kugawa pasi kama Westbrook. Timu ilikuwa imempa ofa ya takriban dola milioni 55 kwa miaka minne. Yeye alitaka karibu milioni 60. Viongozi waliogopa kodi ambayo ligi hutoza timu zinazovuka kiwango cha mishahara, wakamwachia. Kwa bei ya siku ile, uamuzi ule ulikuwa na mantiki, kwa sababu nyota wawili walikuwa wazima na hakuna aliyekuwa amekosa kazi. Makosa yake ni kumhesabu Harden kwa pointi alizofunga tu, bila kuhesabu thamani ya kuwepo kwake siku mwenzake atakapokuwa hayupo. Thamani ya namna hiyo haionekani kwenye daftari hadi siku inapohitajika. Wahenga walikwisha kusema usiache mbachao kwa msala upitao.

Nachingwea ina historia ndefu ya nyota mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliichagua pamoja na Kongwa na Urambo kwa mpango mkubwa wa karanga. Miti iling'olewa kwa matrekta, na reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea, yote kwa ajili ya zao moja. Mpango uliachwa mwaka 1951. Reli iliyokuwa ikisubiri karanga ilikosa mzigo wa kutosha na ikafungwa mwaka 1962. Wazee wanayakumbuka matuta yake.

Siku hizi nyota ni korosho, ikifuatiwa na ufuta na mbaazi. Nyota huyu naye ameumia mara kadhaa. Mwaka 2017, India iliweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na kwa kuwa mbaazi ya kusini ilikuwa na mnunuzi mkubwa mmoja tu, bei ilianguka msimu ule ule. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya korosho. Msimu wa nyuma bei mnadani ilikuwa imepita sh 4,000 kwa kilo, wanunuzi wakaja na bei ambazo wakulima walizikataa, na Novemba serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa sh 3,300. Bei ilikuwa nzuri, lakini wapo waliosubiri malipo kwa miezi mingi, na duka la pembejeo lililokopesha salfa likasubiri pamoja nao.

Kwa hiyo mwenye shamba la Nambambo anapaswa kumtafuta Westbrook wake kabla goti halijagongwa. Mara nyingi si zao wala bei. Ni mpulizaji.

Mikorosho huchanua kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa hivi, na ndipo ubwiriunga unaposhambulia maua. Dawa hupulizwa kwa mizunguko, wiki mbili au tatu kati ya mmoja na mwingine. Katika kaya nyingi, mashine ni moja na anayejua kuiendesha vizuri ni mmoja: kijana mwenye nguvu ya kuibeba mgongoni na ujuzi wa kusoma upepo wa alfajiri. Akivunjika mkono kwenye pikipiki mwezi wa saba, au mashine ikiharibika na fundi akaagiza kipuri Masasi au Dar es Salaam, maua hayasubiri.

Tuchukue mfano wa kaya inayovuna kilo 1,000 katika msimu mzuri na kuuza kwa sh 2,500. Hiyo ni sh milioni mbili na nusu. Mizunguko miwili ikipita bila dawa na mavuno yakashuka kwa theluthi moja tu, sh 833,000 zimekwenda. Ugonjwa ukiachwa kabisa, hasara huweza kuwa kubwa zaidi ya hapo kwa mbali. Na kama pointi sita za Thunder, kinachopotea ni kile cha juu: ada ya shule, mabati, mtaji wa ufuta. Palizi imekwishalipwa, salfa imekwishanunuliwa.

Mbadala wa mpulizaji hauna gharama ya Harden. Kijana wa pili, awe binti au mvulana, anaweza kupewa mashine kwa mistari michache ya miti katika kila mzunguko, mwenye ujuzi akiwa pembeni. Kazi itakwenda polepole kidogo msimu huo, na hiyo ndiyo bei yake. Reggie Jackson alifunga pointi 14 kwa sababu alikuwa amepewa dakika chache chache mwaka mzima. Mchezaji ambaye hajawahi kuingizwa uwanjani hageuki nyota usiku mmoja.

Jeraha la mmoja ni nafasi ya mwingine pia, na Watanzania wameliona hili. Januari 1, 2020, mshambuliaji wa Aston Villa ya Uingereza, Mbrazili Wesley Moraes, aliumia vibaya goti katika mechi na Burnley baada ya kuwa amefunga bao. Villa walikuwa kwenye hatari ya kushuka daraja na soko la Januari liko wazi. Januari 20 wakamsajili Mbwana Samatta kutoka Genk ya Ubelgiji. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga tena kwenye fainali ya Kombe la Ligi Machi 1 dhidi ya Manchester City. Villa walisalimika siku ya mwisho kwa tofauti ya pointi moja. Lakini anayenunua akiwa na shida hununua kwa haraka na kuuza kwa haraka: Septemba mwaka ule ule Samatta alipelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Wafanyabiashara wadogo wanaouza vipuri na kukodisha mashine wanaweza kusoma pande zote mbili za habari hiyo. Mwezi wa saba mteja atalipa bei yoyote, mwezi wa kumi hata simu hapokei.

Thunder wenyewe waliumia tena. Msimu wa 2014/15 zamu ilikuwa ya Durant, aliyevunjika mfupa wa mguu na kucheza mechi 27 tu. Timu ilishinda 45 na kukosa mtoano kwa kigezo cha matokeo baina yao na New Orleans, ambao walikuwa na ushindi idadi ile ile. Kocha Scott Brooks akafukuzwa kazi. Mwaka 2016 Durant akaondoka kwenda Golden State, na Thunder hawakupata hata senti kwa kuondoka kwake.

Thabeet naye aliipoteza nafasi yake taratibu. Miongoni mwa vitu ambavyo Houston walitoa kumpata Harden ni haki ya kuchagua mchezaji chipukizi. Thunder waliitumia Juni 2013 kumchukua Steven Adams wa New Zealand, mfupi kidogo kuliko yeye na mdogo kwa miaka sita. Agosti 2014 Mtanzania huyo akauzwa Philadelphia, wakamwachia kabla msimu haujaanza.