Unga Mweupe Chini ya Rangi

Rimu ya zamani ya gari la mashindano ikianza kuota unga mweupe kuzunguka matundu ya bolti, wengi huufuta kwa kitambaa, wakapuliza rangi mpya na kusahau. Nawasihi, msifanye hivyo. Unga ule ni rimu yenyewe inayoliwa, na rangi mpya huificha tu isionekane inavyokwisha.

Nazungumzia rimu za magnesiamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ted Halibrand alizisubu huko California kwa ajili ya magari ya mbio, yakiwemo ya Indianapolis. Nchini Italia, Campagnolo, inayojulikana zaidi kwa vifaa vya baiskeli, ilitengeneza za Lamborghini Miura. Uingereza nayo ilikuwa na Minilite, zilizopata sifa miaka ya 1960 kwenye Mini za mbio za rali. Wote hao walitafuta wepesi. Sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu ina gramu 1.74, ya alumini ina 2.7, na ya chuma karibu 7.9. Gurudumu jepesi hushika barabara vizuri zaidi, kwa kuwa springi na shokomzoba hupata kazi ndogo ya kulituliza linaporuka.

Wepesi huo una gharama yake. Alumini hujivika ngozi nyembamba ya oksidi inayoziba uso wote. Magnesiamu nayo hujivika, ila vazi lake ni fupi: oksidi yake huchukua takriban asilimia 81 tu ya nafasi ya metali iliyoizaa, hivyo huacha mianya. Maji ya chumvi hupenya humo.

Adui wa pili ni jirani. Ndani ya hita nyingi za maji zenye tangi la chuma huwekwa ufito wa magnesiamu kwa makusudi, ulike wenyewe ili tangi lisalimike. Kwenye rimu, tabia hiyo hiyo ndiyo maradhi. Bolti ya chuma ikigusana na magnesiamu, kukawa na unyevu wenye chumvi katikati, rimu ya thamani kubwa hujitoa mhanga kuilinda bolti ya bei ndogo. Ndiyo maana unga huanzia kwenye matundu ya bolti.

Kazi ya kuifufua huanza kwa kuitambua. Dondosha siki kidogo kwenye metali tupu, mahali palipojificha: magnesiamu hutoa povu mara moja, alumini hutulia. Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Dawa kali ya kutoa rangi yenye asili ya magadi huila alumini, lakini magnesiamu huivumilia. Asidi nyingi za kawaida, kinyume chake, huishambulia magnesiamu vikali.

Rangi ikishatoka, usikimbilie brashi ya waya wa chuma. Vipande vidogo vya chuma hunasa usoni, na kila kipande huanzisha ulikaji mpya. Hata mchanga wa kupulizia uliokwisha tumika kwenye chuma haufai. Tumia shanga safi za kioo, kwa mgandamizo mdogo. Kwa unga uliojikita kwenye vishimo, karakana maalumu huchovya rimu katika asidi ya kromiki, ambayo huyeyusha uchafu na kuiacha metali karibu kama ilivyo. Kemikali hiyo husababisha saratani; usiijaribu nyumbani.

Jambo moja zaidi kuhusu usalama. Rimu nzima haishiki moto kirahisi, maana metali yake husambaza joto haraka, lakini vumbi na chenga zake huwaka kwa cheche moja. Maji yakimwagiwa magnesiamu inayowaka hutoa hidrojeni na kuuchochea moto. Hata hewa ya ukaa haiuzimi. Weka karibu mchanga mkavu kabisa, au kizimamoto cha moto wa metali.

Sasa ndipo rimu ikaguliwe. Hupakwa kimiminika chekundu kinachopenya kwenye nyufa, hufutwa, kisha hupuliziwa poda nyeupe. Penye ufa, mstari mwekundu hujitokeza. Angalia hasa matundu ya bolti na mashina ya spoki. Mapovu yaliyobaki ndani tangu siku ya kusubu huhitaji eksirei. Rimu yenye ufa usiipeleke kwa mchomeleaji: joto la kuchomelea hudhoofisha metali iliyo kando ya kiungo, na gurudumu si mahali pa kubahatisha.

Iliyofaulu isikae tupu, kwani unyevu wa hewa huanza kazi upya. Hupewa tabaka la kemikali la kuilinda, huwekwa kwenye joto la wastani ili unyevu na hewa vitoke kwenye vitundu vyake, kisha hupakwa epoksi na rangi ya juu. Mwishoni hakikisha chuma hakigusi magnesiamu tupu popote.

Na ile iliyofeli? Itengeneze vizuri kama wenzake, itundike ukutani, watoto waione kazi ya mafundi wale. Lakini kabla ya rangi, chonga kwa ndani alama isiyofutika kwamba si ya barabarani. Wewe unaujua ufa wake. Atakayeinunua baada yako ataona rangi inayong'aa tu, na pengine ataifunga kwenye gari.