Piki ya zamani imekataa kuwaka: mama, uliza haya mbele ya kutoa feza



Juma hili tunaongea juu ya kitu ambacho wengi wanasema ni cha wanaume: pikipiki. Lakini tuhesabu vizuri. Mama wa sambaza anaitafuta gizani ili samaki wafike sokoni wakingali wabichi. Mama wa lengalenga anapandisha nayo vifurushi hadi soko la Kadutu. Na kuna wamama ambao feza ya likelemba waliinunulia piki ya zamani, wakampa kijana aiendeshe, na kila jioni analeta kile walichopatana. Minervali ya watoto inatoka hapo. Asubuhi piki ikikataa kuwaka, jiko nalo linapoa.

Hapo ndipo maneno makubwa yanaanza. "Mama, injini imekufa." "Mama, ni pistoni." Mama mmoja wa kikundi chetu aliombwa bei ya pistoni na segimenti zake, feza ya kutosha kumvalisha mtoto mwaka mzima. Kwanza akaomba aonyeshwe esansi iliyo ndani ya tanki. Wakaimimina katika chupa nyeupe, wakaiacha itulie. Chini ya chupa kulikuwa na maji, vidole viwili. Pistoni ilikuwa nzima.

Injini ndogo kama za TVS au Boxer tunazoziona kila siku inataka vitu vitatu tu: esansi safi inayofika, cheche ya buji inayopiga kwa wakati wake, na hewa inayobanwa vizuri ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana, kijana atapiga kiki hadi mguu uvimbe. Basi tunaanza na kile kisicho na bei, halafu kile cha bei ndogo. Pistoni ni ya mwisho kabisa.

Angalia kwanza swichi nyekundu ya kuzimia iliyo kwenye usukani. Watoto wanaichezea, na piki nyingi zimepelekwa kwa fundi kwa sababu yake tu. Halafu robine ya esansi chini ya tanki: imefunguliwa? Ikiwa esansi ni kidogo, izungushe upande wa akiba. Asubuhi ya baridi, vuta choki, na injini ikipata joto irudishe.

Sasa esansi yenyewe. Wengi wetu tunanunua kwa makadafi, chupa kwa chupa, na mvua ya Bukavu tunaijua. Maji ni mazito kuliko esansi, ndiyo sababu yanakwenda chini na kukaa katika kikombe cha karburateri. Chini ya kikombe hicho kuna skurubu ndogo. Fundi akiilegeza, kile kilichokaa chini kinatoka: maji, kutu ya tanki, mchanga. Baada ya kuilegeza na kufungua robine, esansi inapaswa kutiririka bila kukatika. Ikidondoka tone kwa tone, njia imeziba mahali fulani. Na ikiwa piki inawaka, inakwenda dakika kumi, inazimika, halafu inawaka tena baada ya kupumzika, fungua kifuniko cha tanki na sikiliza. Ukisikia tanki linavuta hewa, katundu kadogo ka kifuniko kameziba. Kusafisha hapo ni kazi ya dakika tano. Kama si hapo, bobini inaweza kuwa inachoka ikipata joto.

Buji ndiyo inayosema mengi. Mwambie fundi aitoe mbele yako. Ikiwa ya rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, esansi ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa imeloa esansi, ilizamishwa: ikaushe, funga robine, piga kiki mara chache buji ikiwa nje, halafu jaribu tena. Ikiwa nyeupe sana, injini inaungua kwa kukosa esansi, na hiyo ni hatari kwa pistoni ya kweli. Ili kuona cheche, buji inarudishwa katika kofia yake na chuma chake kinagusishwa kwenye injini, mbali na tundu ilimotoka, kisha kiki inapigwa. Cheche ya bluu yenye nguvu ni nzuri. Nyekundu iliyofifia, au hakuna kabisa, jaribu buji mpya mbele ya kuongea juu ya kitu kingine. Piki inayozimika siku za mvua tu, mara nyingi ni ile kofia ya buji imepasuka na kuingiza maji.

Buji nyeusi tunaziona sana hapa kwetu, na kuna sababu. Maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mitaa yetu inapanda kutoka hapo. Kwa kimo hicho hewa imepungua karibu sehemu moja kati ya saba. Karburateri iliyopangwa kwa nchi za chini inamwaga esansi nyingi kwa hewa yetu ndogo. Ongeza filtri ya hewa iliyojaa vumbi la Julai, na piki inatoa moshi mweusi na kukunywea feza. Safisha filtri kwanza, halafu fundi arekebishe karburateri. Moshi wa bluu ni habari nyingine: hayo ni mafuta ya injini yanaungua.

Na kwenye vilima vyetu kuna ugonjwa unaodanganya watu wengi. Injini inanguruma, lakini piki haipandi. Huko ni kilachi inateleza, injini haina kosa. Kamba yake ikiwa imekazwa mno, kuilegeza kidogo kunatosha. Isipotosha, ndipo sahani za kilachi zinabadilishwa.

Pistoni na supapu sasa. Ukikanyaga kiki ikashuka laini bila kukataa, hewa haibanwi. Kuna jaribio la zamani: kijiko kidogo cha mafuta ya injini kinatiwa katika tundu la buji, kiki inapigwa tena. Ikipata nguvu, segimenti zimechoka. Isipobadilika, fundi aangalie supapu, na mara nyingine ni kuzipanga tu bila kununua kitu.

Wakati wa kazi hii yote, mbabula iwe mbali. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kufuata moto ulipo. Piki inayolala sebuleni kwa kuogopa wezi isukumwe nje mbele ya kuwashwa, maana moshi wake una sumu isiyo na harufu, na watoto wangali wamelala. Mtoto asitumwe kuvuta esansi kwa mdomo katika mpira, na esansi isiwekwe katika chupa ya Fanta ndani ya nyumba. Akiimeza, usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa. Mkimbize kwenye kituo cha afya.

Na fundi akibadilisha pistoni, buji au segimenti, mwombe kile cha zamani, ukibebe nyumbani. Mwenye kazi safi hatakataa.